Kanawe Mpaka Nikuambie Imetosha

9 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yote miwili, maana Baba ameniambia ule wa kushoto umeanza tena vituko vyake. Huku sote wazima. Baba amestaafu mwezi uliopita na tayari amegombana na jirani mara mbili kwa sababu ya maji ya mvua yanayopita uani. Mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kike. Kichanga kina pua yako kabisa, na mama yake ameshalia kwa ajili hiyo, lakini usiseme kwamba nimekuambia.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu umeikataa. Sawa. Ila nina jambo, na ningependa nikimaliza kulisema nisikie pumzi yako upande wa pili.

Nimehamishiwa wodi ya wanaume, katika hospitali ileile uliyofanya kazi wewe. Tuko wauguzi watatu kwa wagonjwa thelathini na wanne, siku nyingine wawili. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni mkuu wetu wa wodi. Tukiwa naye tunamwita Sista Mkuu, akigeuka tunamwita Bomba, na si kwa kumsifu. Karibu na mlango wa wodi kuna sinki, mbele kabisa, kila mgonjwa analiona na kila anayekuja kumtazama mgonjwa lazima alipite. Asubuhi tunapopokezana zamu, tukienda kitanda kwa kitanda, muuguzi akiuliza swali ambalo Sista Mkuu analiona la kijinga, haelezwi wala hafokewi. Anaambiwa neno moja tu: "Kanawe." Unaenda kwenye sinki, unafungua bomba, unanawa mikono mbele za watu huku wenzako wakiendelea na kazi, mpaka atakapoona inafaa kusema, "Imetosha." Hapo ndipo unarudi, mikono inachuruzika maji, na swali lako limeishia hewani.

Nimenawa mara nne tangu Jumatatu. Jana niliuliza kwa nini mgonjwa wa kitanda cha tisa amebadilishiwa dawa. Nilinawa dakika kumi na mbili kwa saa ya ukutani. Mke wa mgonjwa mmoja akaniuliza kwa upole kama nimeshika uchafu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kuna kitu kimoja cha ajabu. Siku ya kwanza aliponiambia "Kanawe," wenzangu walikuwa wanajiandaa kunieleza maana yake, wakakuta nimeshafika kwenye sinki. Miguu ilijua njia yenyewe. Shangazi, ulikuwa mkuu wa wodi hapa miaka mingi. Huyu mama unamfahamu?

Mwanao,
Maswali


27 Januari

Mwanangu Maswali,

Marahaba. Barua imenifikia Alhamisi, imelowa pembe moja lakini inasomeka. Mguu unakwenda ukitaka, ukikataa tunakaa wote. Fundi ameezua nusu ya paa langu kisha akatoweka, kwa hiyo ninalala chumba cha mbele pamoja na kabati, meza na mabati yake. Mpe hongera mdogo wako. Mwambie pua hii nimetembea nayo miaka sitini na minane na haijaniangusha.

Kuhusu mikono: usipake mafuta ya manukato, yanachoma. Tafuta mafuta mazito yasiyo na harufu, paka ukitoka kazini, kisha vaa soksi za pamba mikononi kwa saa moja. Utaonekana kichaa lakini ngozi itafunga. Nitakutumia kopo moja la yale ninayotumia mimi.

Kuhusu kazi: wodi haijawahi kuwa sebule. Mkuu wa wodi amebeba roho thelathini na nne, hana nafasi ya kumbembeleza kila mtu. Mimi nilipoanza, tulipigwa rula za vidole. Jikaze. Fika mapema, soma faili kabla hujaulizwa, na maswali yako muulize mwenzako aliye karibu badala ya kuyapeleka juu. Utaona mambo yatatulia.

Mvua imeanza huku, na paa ni kama nilivyokuambia. Msalimie kaka yangu, mwambie aache maji ya watu yapite.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo, anakusalimu. Jirani naye hajambo, wamepatana. Kichanga kinanenepa. Kopo la mafuta halijafika.

Nimemaliza salamu. Sasa nisikilize.

Nilikuuliza swali moja, ukanijibu kuhusu soksi. Unaniambia nijikaze. Najikaza, shangazi, najikaza kisabuni, kila siku nateleza! Ngoja nikuelezee wiki moja tu. Jumatatu ndugu wa mgonjwa alinitemea mate kwa sababu kitanda kilichelewa, kana kwamba vitanda ninavitengeneza mimi nyumbani kwangu. Jumanne daktari alinirushia faili, karatasi zikatawanyika, nikaziokota nikiwa nimepiga magoti, na yeye akanivuka akaendelea na simu. Jumatano nilinawa mara mbili. Alhamisi alikufa mgonjwa wa kitanda cha ishirini, mtu aliyekuwa ananiita binti yangu kwa wiki tatu, na unajua niliwaza nini? Niliwaza kwamba nitachelewa chai. Nilisimama pale nimeshika shuka, nikajitafutia machozi, nikakuta hakuna kitu. Ijumaa nilijifungia chooni dakika tano nikitazama mlango. Siumwi. Nimekauka tu.

Na kila nikinawa, nakumbuka. Nilikuwa na miaka minane. Mama alikuwa amelazwa, Baba alikuwa anashinda hospitali, na mimi nilikuwa nakaa kwako. Ulirudi nyumbani mchana, ungali umevaa sare. Nilikufungulia mlango nikakuuliza, "Mama yuko wapi?" Ukaniambia, "Kanawe." Nikaenda jikoni, nikapanda kigoda, nikafungua bomba. Nikanawa. Nilikusubiri uniambie imetosha, kwa sababu nilikuwa mtoto mwenye adabu. Ulikuwa umeingia chumbani na kufunga mlango. Baba ndiye aliyekuja jioni akafunga bomba, akanibeba, akaniambia mwenyewe kwamba mama hayupo tena.

Ndiyo maana miguu yangu ilijua njia.

Kwa hiyo nauliza tena, na safari hii usinijibu kuhusu mafuta. Neno hili Bomba alilitoa wapi? Ni wewe?

Mtoto wa kaka yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wiki sita zimepita. Baba anasema umemtumia salamu kupitia dereva wa basi, kwa hiyo najua u mzima, barua umeipata na mkono wa kuandikia unao. Sawa. Kama umeamua kunyamaza, nyamaza.

Naandika kwa sababu ya jambo la wodini, na wewe ni mtu wa kazi, huenda hilo utalijibu.

Tuna muuguzi mpya, tunamwita Mgeni. Si msichana. Ana miaka arobaini na moja na watoto watatu, aliuza nguo miaka kumi huku akisoma. Mtu wa kucheka, mwepesi wa kazi. Alhamisi iliyopita, wiki yake ya tatu, alimchoma insulini mwalimu mstaafu wa kitanda cha saba. Daktari alikuwa ameandika 4U, yaani uniti nne, kwa mwandiko wao ule wa kukimbizana. Ile U ilifungwa juu ikawa kama sifuri. Mgeni akasoma arobaini, akachoma arobaini.

Saa nne asubuhi mke wa mwalimu alipiga kelele. Mzee amelowa jasho, macho yamegeuka, haitiki. Sukari ilikuwa imeshuka hadi kiwango cha hatari. Tulimtundikia dripu ya sukari, nikamshika kidevu nikimwita kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alirudi. Shangazi, alirudi, anakula, anasahihisha Kiswahili cha madaktari.

Sista Mkuu ameandika ripoti. Imesema: muuguzi mpya alichoma dozi bila kumuuliza mtu yeyote. Kutakuwa na kikao tarehe ishirini Mei, na wote wanasema atafukuzwa na cheti atanyang'anywa. Mgeni haongei. Anakuja kazini, anatandika vitanda, hagusi sindano. Nami najisikia vibaya kwa ajili yake. Basi.

Mtoto wa kaka yako


14 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Paa limekamilika upande mmoja. Fundi alirudi bila aibu, akaomba maji ya kunywa.

Nimesoma barua yako mara tatu. Nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na sita, kwa hiyo usinifiche kitu ndani ya sentensi ukadhani sitakiona.

Unasema mtu mzima wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu, mwepesi wa kazi, yuko wiki ya tatu, ameona arobaini kwenye faili. Arobaini ni nyingi hata kwa macho ya mgeni. Bomba la sindano linajaa, mkono unasita. Mtu wa namna hiyo hachomi bila kuuliza. Wazembe ndio hawaulizi, na wewe mwenyewe umesema huyu si mzembe.

Umeandika kwamba ripoti ndiyo imesema hakuuliza. Wewe hukusema hivyo. Umemaliza na "basi" kama mtu anayefunga mlango kwa kisigino.

Alimuuliza nani?

Shangazi yako


23 Aprili

Aliniuliza mimi!

Umefurahi? Pua yako bado inanusa vizuri. Aliniuliza mimi, saa mbili kasorobo asubuhi, karibu na kitoroli cha dawa. Nilikuwa natoka kwenye sinki. Nilikuwa nimenawa robo saa nzima kwa sababu niliuliza kama kuna glavu. Glavu, shangazi! Mikono imepasuka, maji yananidondoka mpaka viwikoni, wagonjwa wananitazama kwa huruma, na mimi huruma yao ilikuwa inaniwasha kuliko dharau. Mgeni akaja na faili, akasema, "Dada, hii ni arobaini kweli? Naona nyingi." Alikuja kwangu kwa sababu siku yake ya kwanza nilimpa ushauri wako, neno kwa neno: maswali muulize mwenzako aliye karibu.

Sikulitazama lile faili. Nilimtazama usoni, nikamwambia, "Kanawe."

Lilitoka lenyewe, laini kabisa. Na nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu: kwa sekunde moja nilisikia raha. Mtu mwingine sasa ndiye aliyekuwa mjinga. Akaenda kunawa, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mbele ya mwalimu wa kitanda cha saba ambaye alikuwa anasubiri sindano yake. Sikumwambia imetosha, maana niliitwa kitanda kingine. Aliponawa akachoka, alirudi mwenyewe akafanya kama alivyosoma. Hakuthubutu kuuliza mara ya pili. Nani angethubutu?

Hajanitaja. Alipohojiwa alisema hakumbuki. Anakumbuka vizuri sana. Tukikutana kwenye korido ananipisha, na akinipisha nataka kupiga ukuta ngumi.

Nilikuwa nikikuandikia kuhusu ukatili wa Bomba kama mtu msafi. Nina hasira naye, nina hasira na daktari na mwandiko wake, nina hasira na mimi mpaka usingizi umenikimbia. Lakini wewe, shangazi, wewe nina hasira nawe kuliko wote, kwa sababu mimi neno lile sikulifundishwa na Bomba. Nililijua nikiwa nimesimama juu ya kigoda.

Nikisema ukweli kwenye kikao, huenda cheti changu kikaenda. Nisiposema, chake kinakwenda hakika. Sitaki unishauri kujikaza. Nataka unijibu nilichokuuliza Februari.


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia. Paa limekwisha. Mguu usiuulize.

Nimeanza barua hii mara nane. Ile yako ya Februari niliiweka kwenye droo ya vijiko ili nisiione, na tangu hapo kila nikitaka kijiko naiona. Nimekunywa chai bila sukari miezi miwili kwa ujinga wangu.

Ni mimi. Neno ni langu.

Nililianza miaka mitatu kabla mama yako hajaugua. Nilikuwa nimechoka, mwanangu, na uchovu ule sisi hatukuwa na jina lake. Unaamka umechoka. Mgonjwa akikuita, hasira inafika kabla ya jina lako. Siku moja muuguzi aliniuliza swali, la maana tu, nikaona nikifungua mdomo nitamtukana mama yake. Nikamwambia kanawe, ili nipate dakika moja ya kuvuta pumzi. Aliporudi, wodi yote ilikuwa kimya. Hakuna aliyeuliza kitu tena siku ile. Kimya kile nilikipenda. Nikadhani nimegundua dawa.

Bomba wenu namfahamu. Alikuja kwangu akiwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa na kicheko kikubwa, wagonjwa walikuwa wanamchokoza makusudi wakisikie. Wiki yake ya tatu, wakati wa kupokezana zamu, aliniuliza dozi fulani imeandikwaje, maana haisomeki. Nikamwambia kanawe. Akaenda. Dakika ileile nikaitwa wodi ya wanawake, ghorofa ya juu. Unajua ni nani alikuwa amelazwa juu. Nikapanda ngazi.

Nilishuka saa nane mchana kuchukua mkoba wangu. Alikuwa bado yuko kwenye sinki. Sikuwa nimemwambia imetosha, na wenzake walivyokuwa wananiogopa, hakuna aliyethubutu kumwambia badala yangu. Maji yalikuwa yanakwenda mekundu. Akanitazama. Nikapita nyuma yake, nikachukua mkoba, nikatoka. Nikaja nyumbani, ukanifungulia mlango wewe.

Wawili, siku moja, na wote wawili niliwaacha bomba likiwa wazi.

Usidhani nakuambia msiba ili unionee huruma. Msiba haukunipa neno lile, nilikuwa nalo tayari. Na baada ya siku hiyo nililitumia miaka kumi na sita zaidi, mpaka naagwa kwa keki na hotuba. Yule binti hakucheka tena mbele yangu. Nilimwandikia tathmini nzuri. Nilisema ametulia.

Kwenye kikao sema ukweli. Usiseme ili upate usingizi, hilo ni lako na utajua mwenyewe. Sema kwa sababu mama wa watoto watatu aliona arobaini akajua ni nyingi, na alikuwa sahihi, na ni lazima mtu aseme mbele ya watu kwamba alikuwa sahihi.

Kupokezana zamu bado ni saa moja asubuhi?

Shangazi yako


25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Baba anauliza kwa nini ulifika mjini ukaondoka bila kupita kwake hata kunywa maji. Nimemwambia akuulize mwenyewe. Mtoto ana jino. Mwalimu wa kitanda cha saba ameruhusiwa, ametoka kwa miguu yake, na analalamika kwa kila mtu kwamba siku ile alinyimwa chai ya saa nne.

Hukuniambia kwamba unakuja. Ningekukataza, na nadhani ndiyo maana hukuniambia. Safari ya siku nzima kwa basi, na mguu ule! Tarehe ishirini, saa moja asubuhi, tumesimama kitanda cha kwanza, mlango unafunguliwa, naona pua. Nilidhani nimeanza kuona mauzauza kwa woga wa kikao.

Hukusalimia mtu. Ulimtazama Sista Mkuu, ukasema, "Mwanangu, nimekuja kunawa." Ukaenda kwenye sinki, ukaegesha fimbo, ukafungua bomba.

Nilidhani atakukimbilia. Nilidhani atalia, au atakufukuza. Alifungua faili la kitanda cha kwanza akaanza kusoma. Tukaenda cha pili, cha tatu. Wagonjwa thelathini na wanne, shangazi, na nyuma yetu maji yanakwenda. Mgeni alininong'oneza, "Yule mama ni nani, mbona hatumsaidii?" Niliuona mguu wako wa kushoto unakatika, nikakuona umeuweka mwili wote juu ya sinki, na bado unanawa. Nilitaka kuja. Na nilitaka uendelee. Vyote viwili kwa pamoja, nakuambia wazi.

Dakika arobaini na tano. Tulipomaliza kitanda cha mwisho alikuja akasimama kando yako. Alikutazama mikono. Kisha akasema, "Imetosha," kwa sauti ya chini hivi kwamba nusu ya wodi haikusikia, akaingia ofisini kwake akafunga mlango. Ulifunga bomba, ukachukua fimbo, ukatoka. Nilikukimbilia mpaka kwenye ngazi, ukaniambia, "Rudi kazini, una wagonjwa," na bado nina hasira kwamba nilitii.

Kikao kilianza saa nne. Waliokaa mezani walikuwa watano, na chupa za maji mbele yao. Nilisimama nikasema Mgeni aliuliza, aliniuliza mimi, aliona dozi ni kubwa na alikuwa sahihi. Nikasema nilichomjibu. Mmoja wao hakuelewa, akasema, "Kunawa mikono ni jambo zuri, kosa liko wapi?" Nikawaeleza. Mgeni alikuwa anatazama mapaja yake. Ndipo wakamgeukia Sista Mkuu, wakamuuliza kama katika wodi yake muuguzi anaweza kuuliza swali. Akasema, "Hapana." Neno moja tu, amelizoea neno moja. Kisha akaomba arudishiwe ripoti yake airekebishe.

Mgeni amebaki kazini. Mimi nimepewa onyo la maandishi, na kwa miezi mitatu sichomi sindano bila mtu wa kunisimamia. Msimamizi wangu wamempanga Mgeni. Sijui kama walifanya makusudi au ni vichekesho vya ofisi. Siku ya kwanza alishika faili, akanisomea dozi mara mbili kwa sauti kubwa, akanitazama mpaka nikairudia. Nilimwomba msamaha kwenye kitoroli kilekile. Alisema amesikia. Hakusema zaidi, na sikumdai zaidi.

Bomba hatujui watamfanya nini. Neno halijasikika wodini tangu siku ile, isipokuwa jana, daktari wa mwandiko alimuuliza kitu, akaanza, "Ka—," akameza mate, akamalizia, "Kamwangalie mgonjwa mwenyewe." Wodi nzima tulicheka chini chini. Nadhani hata yeye, maana aligeukia dirishani na mabega yakatikisika. Au alikuwa analia. Kwa mgongo huwezi kujua.

Kopo lako la mafuta nimelikuta kwenye ukingo wa sinki. Nimepaka, nimevaa soksi, naandika barua hii kama kichaa, ndiyo maana mwandiko umeharibika.

Lakini sikiliza. Ametosheka yeye. Mimi bado. Umemwomba yeye msamaha mbele ya watu, na ulikuwa na haki ya kumwanza yeye, maana alisimama muda mrefu. Mimi pia nilisimama. Ulipanda ngazi asubuhi na ulishuka saa nane mchana. Katika barua yako umeyaruka masaa hayo yote, na mimi nimelelewa na wewe, najua ukiruka kitu unaruka nini.

Nimeomba likizo, nimeipata, mwezi wa nane wiki tatu. Nakuja huko. Nitapumzika, nitalala chini ya paa lako jipya, nitakukanda huo mguu. Na nitauliza, kila siku, meza ikiwa katikati yetu, na hutaniambia kanawe. Anza kujiandaa na hili la kwanza, nililokuuliza mlangoni nikiwa na miaka minane na sikujua kulimalizia: mama alipokuwa anakwenda, nani alikuwa amemshika mkono?

Maswali